Njia Inakwenda kwa Watu

Desemba 2015 nilialikwa Soni, mji mdogo kwenye Milima ya Usambara mkoani Tanga, kwenye harusi ya mwalimu mwenzangu. Asubuhi ya siku ya sherehe, wanaume wakifunga maturubai na kina mama wakichambua mchele, nilijitenga kidogo nikasimama kando ya barabara. Bonde lote lilikuwa wazi mbele yangu: migomba, mashamba ya mahindi yaliyopangana kama ngazi, mabati ya nyumba yakimeremeta moja moja, na mvumo wa maporomoko ya Soni ukipanda kutoka chini. Kati ya hayo yote palikuwa na njia nyembamba ya udongo mwekundu. Ilishuka, ikavuka kijito juu ya magogo mawili, ikapanda upande wa pili na kupotelea nyuma ya kilima. Akapita mtoto wa miaka kama tisa, kabeba ndoo ya plamsi za kwenda kuwauzia abiria. Nikamwuliza, "Mwanangu, njia ile inakwenda wapi?" Akaitazama, akanitazama na mimi, akasema, "Inakwenda kwa watu."

Nilirudi Dar es Salaam na jibu lile kichwani. Nimezaliwa Temeke na nimekulia Temeke. Mlima kwangu ulikuwa picha ya kalenda, kitu cha kutazamwa kwa mbali au cha kupandwa na wageni kutoka Ulaya. Nilikuwa nimefundisha jiografia kwa miaka saba, nimechora Milima ya Tao la Mashariki ubaoni kila muhula, Usambara ikiwemo, na sijawahi kuitembea kwa miguu yangu mwenyewe. Haijanipitia kwamba mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuchukua likizo yake ya Juni akaenda kutembea tu, leo alale kijiji hiki, kesho kile. Juni iliyofuata nikaenda. Tangu hapo nimerudi Usambara mara sita, na kila mara nimefundishwa kitu na mtu ambaye hakukusudia kunifundisha. Kwa hiyo naandika.

Anayetoka Dar anaiacha barabara kuu ya Moshi pale Mombo. Mombo ni joto, vumbi na mkonge. Kutoka hapo gari linaanza kupanda kilomita 30 na ushei za kona, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Barabara hii ilifunguliwa wakati wa Wajerumani, maana Lushoto, waliyoiita Wilhelmstal, ndipo walipokimbilia kuukwepa ukali wa joto la pwani. Kabla ya Soni masikio yanaziba. Ukifika Lushoto mjini uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa pwani uliyekuwa unajipepea saa mbili zilizopita sasa unatafuta sweta kwenye begi.

Sweta nilikuwa nayo. Nilikuwa na kila kitu. Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kike, tumepanga siku tatu kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae, kijiji kilichoko kwenye pembe ya kaskazini ya milima ile. Nilibeba blanketi, chupa tatu za maji za lita moja na nusu, makopo ya samaki na maharage, viatu vya akiba, kamera ya kuazima na vitabu viwili. Mwongozaji wetu, kijana wa Magamba, aliliinua begi langu kwa mkono mmoja, akalirudisha chini, akasema kwa upole, "Dada, hili tutalizungumza njiani." Alikuwa ametuambia tuondoke saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tulipomaliza chai, kupanga na kupangua, ilikuwa saa nne.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba inaanza kilomita chache tu juu ya mji. Unalipa kiingilio kwa watu wa Wakala wa Huduma za Misitu, unaagana na shamba la mwisho la kabichi, na ndani ya hatua mia moja jua linazimwa. Hewa inakuwa ya baridi na ya majimaji, ardhi inakuwa laini, sauti ya viatu inapotea. Mwongozaji aliokota kipande cha gamba kilichoanguka, akakivunja, akanisogezea puani: harufu ya kafuri. Ule ni mkulo, mti ambao wataalamu wameupa jina la milima hii yenyewe, Ocotea usambarensis. Zamani ulikatwa sana kwa ajili ya mbao. Alituonyesha kisiki kipana kama meza ya kulia chakula, kimeoza katikati, na pembeni yake, kwenye mizizi, machipukizi yamesimama duara kama watoto waliomzunguka mgonjwa. Baadhi yalikuwa yameshanipita urefu. Mkulo huzaliwa upya hivyo, kwa mizizi, kuliko kwa mbegu. Nimeyasoma mengi kuhusu misitu, lakini kisiki kile ndicho ninachowasimulia wanafunzi.

Mbega tuliwasikia kabla ya kuwaona. Mlio wao ni mkoromo mzito, kama pikipiki inayokataa kuwaka, unaanzia kwenye mti mmoja na kuitikiwa na mwingine mbali. Kisha tawi likatikisika na nikaona mkia mrefu mweupe. Mwongozaji na mdogo wangu walikuwa mbele wameinama wakimtazama kinyonga kwenye jani. Mimi nikatoka kwenye njia nipate picha ya yule mbega. Hazikuzidi hatua thelathini.

Nilikuwa nadhani ukungu hushuka kutoka juu. Ule ulipanda kutoka bondeni, ukapenya katikati ya miti kama moshi wa jikoni unaotafuta mlango. Nilipogeuka, miti yote ilikuwa sawa. Nikaanza kutembea kuelekea nilikoamini njia ipo. Baada ya dakika tatu au nne ardhi ikaanza kuteremka, na nilijua sikuwa nimepanda popote. Nikaita. Sauti yangu ikanirudia kutoka pande zote. Jibu la mdogo wangu nalo nililisikia kulia, kisha nyuma, kisha kulia tena. Moyo ulinienda mbio, na nakiri kwamba miguu ilitaka kuendelea kutembea, kwa sababu kutembea kunampa mtu aliyepotea faraja ya kwamba anafanya jambo.

Kilichonirudisha ni mlio wa fimbo. Mwongozaji aliacha kuita, akachukua fimbo akawa anaupiga mti: ko, kimya, ko, kimya, kwa mwendo uleule bila kuharakisha. Nikasimama mpaka nikawa na hakika unatoka wapi, ndipo nikaufuata. Nilipofika hakunigombeza. Alisema, "Ukipotea, kaa. Mimi naijua njia, wewe huijui. Ukitembea unaninyang'anya pa kukutafutia." Kisha akaniambia kitu ambacho ninakifanya hadi leo: nikilazimika kutoka njiani, hata kwa haja ndogo, namwambia mtu, na begi langu naliacha katikati ya njia liwe alama. Filimbi ya mwalimu wa michezo nayo sasa inakaa shingoni. Haina gharama, na inasikika pale ambapo koo limekauka.

Kwa kuwa tulichelewa kuondoka, tulichelewa kufika. Juni jua linazama mapema milimani, na saa ya mwisho tulitembea kwa tochi ya simu. Tuliingia Lukozi giza limeshashika, mji mdogo umejaa taa na kelele za malori yakipakia kabichi, karoti na viazi vya kwenda Kariakoo. Karoti niliyokuwa nikinunua Temeke bila kuifikiria ilikuwa imelala pale kwenye viroba, imeoshwa, inang'aa. Nililitua begi langu kwenye benchi la mfanyabiashara wa viazi, naye, kwa mazoea ya kazi, akalitundika kwenye mzani. Kilo 17.

Kando yangu alikuwepo mama aliyekuwa ametua tenga la kabichi kutoka kichwani, mtoto kalala mgongoni ndani ya kanga. Tenga lake nalo likapimwa: kilo 31. Ametoka nalo kijijini, mwendo wa zaidi ya saa moja. Akaniuliza, "Humo ndani mna nini, mdogo wangu?" Nikamtajia, na nilipofika kwenye makopo ya maharage akashangaa kweli, uso wake ukaonyesha kwamba anajaribu kunielewa. "Mbona hapa chakula kipo?"

Nimelirudia swali lake mara nyingi. Begi langu lilikuwa zito kwa sababu nilidhani ninakwenda mahali pasipo na watu. Nilijiandaa kwa pori, na nilikuwa katika moja ya sehemu za nchi yetu zenye watu wengi zaidi vijijini, ambapo kila baada ya nusu saa kuna kibanda cha chai, sufuria la makande, bibi mwenye ndizi, duka lenye sabuni na betri. Mtoto wa Soni alikuwa ameniambia na sikumwelewa. Makopo tulimpa yule mama. Vitabu, viatu na blanketi nilimwachia mwenye duka avirudishe Lushoto kwa basi la asubuhi, na nilivikuta salama. Siku hizi begi langu halizidi kilo tano: sweta moja, koti la mvua, nguo za kubadili, soksi pea tatu, tochi ya kichwani, chumvi na sukari za kuchanganya kwenye maji mtu akiishiwa nguvu, na chupa moja ninayoijaza maji yaliyochemshwa kila ninapolala.

Siku ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi kuisimulia, ingawa nilikosea tena.

Kutoka Lukozi kwenda Rangwi njia inazunguka mabega ya milima. Unaona kijiji unachokwenda, kiko hapo mbele, ukikipungia mkono watakuona, lakini njia inakwepa, inaingia ndani ya bonde, inavuka kijito, inatoka tena upande wa pili. Mtu wa mjini anachoka na mizunguko ile. Mwongozaji alikuwa amesimama nyuma akisalimiana na jamaa zake, na salamu za Wasambaa hazikatizwi. Mimi na mdogo wangu tukaona chini yetu njia ile ile ikipita. Tukaamua kukata moja kwa moja kupitia shambani, tukashuka tuta baada ya tuta.

Bibi mmoja alikuwa akipalilia maharage. Akanyanyuka, akaegemea jembe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Simameni hapo hapo, wanangu."

Hakupaza sauti. Akaja hadi nilipokuwa, akanionyesha nilikotoka. Ukingo wa kila tuta ulikuwa umepandwa majani ya guatemala, yale marefu wanayokatiwa ng'ombe wa ndani, na mizizi yake ndiyo inayoushikilia udongo usiteremke. Pale nilipokanyaga, kisigino changu kilikuwa kimemega kipande cha ukingo, ukubwa wa mkate. "Leo ni kisigino," alisema. "Masika ni mto." Akaupindua udongo kwa jembe, akaurudisha, akaushindilia kwa kiganja: mara tatu, kwa nguvu, kama mtu anayepiga chapati. Nikapiga magoti nikamsaidia tuta lililofuata, na lililofuata, hadi tukafika nilipoanzia. Yalikuwa matuta sita. Mkono wake ulikuwa mgumu na mkavu, wangu ulikuwa umelowa jasho, na udongo ule mwekundu ulikaa chini ya kucha zangu hadi Dar es Salaam.

Wakati tunashindilia alituambia kwamba mama yake aliyakataa matuta. Sikuelewa hadi mwongozaji alipotukuta na kulinyoosha jambo. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya Waingereza iliwaamuru watu wa milima hii wajenge matuta kwa sheria na faini. Kazi ilikuwa nzito, wanawake ndio walioibeba zaidi, na eneo la kulima likapungua palepale njaa ilipokuwepo. Watu wakagoma. Udongo wao waliupenda. Kilichowakera ni kuamriwa na mtu asiyelima. Miaka mingi baadaye, majani ya kulisha ng'ombe yalipoletwa yapandwe ukingoni na tuta likaanza kuzaa maziwa, binti wa yule yule aliyekataa akayajenga kwa mikono yake na sasa anayalinda dhidi ya visigino vya wageni. Darasani nilikuwa nimefundisha "mmomonyoko wa udongo, sababu na njia za kuuzuia". Sababu moja nilikuwa sijawahi kuiandika ubaoni: mtalii anayekata njia.

Tangu siku ile nafuata mzunguko wote, hata nikiwa nimechoka. Na nimejifunza adabu ya kupishana. Kwenye njia nyembamba mwenye mzigo ndiye mwenye njia. Wewe simama upande wa mlima, geuza begi lako lisimguse, subiri. Na msalimie wewe kwanza, mapema, hata kama umri unakuruhusu kusubiri salamu. Mtu mwenye tenga kichwani hawezi kuinamisha shingo wala kugeuka. Haoni miguu yake, sembuse yako. Sauti yako ndiyo inayomwambia kwamba uko pale na uko upande gani. "Pole na mzigo, mama." "Nimeshapoa." Ndiyo hivyo, amepita.

Rangwi tulilala kwa masista. Baridi ilikuwa kali, maji ya kuoga yalichemshwa kwa kuni, na maharage ya usiku ule sijayapata popote tena.

Mtae inakaa juu ya mgongo wa mlima kama mtu aliyekaa juu ya ukuta. Nyumba zimepangwa kwenye ukingo, na kuna sehemu ukisimama barabarani unaona shimo la bonde upande wa kushoto na jingine upande wa kulia. Chini, mbali sana, kuna tambarare ya Mkomazi, kavu na ya rangi ya ngozi ya simba, na ng'ambo yake milima ya Upare. Wasambaa wanaita nchi yao ya juu Shambaai, na ile ya chini ni nyika. Nilikuwa nayajua maneno hayo mawili, lakini pale ndipo nilipoyaona yakitenganishwa na mstari mmoja wa mwamba. Huku juu vidole vinaganda, kule chini hewa inacheza kwa joto.

Kila anayekwenda Mtae anataka kuuona Kilimanjaro. Mara mbili za kwanza sikuuona. Mara ya tatu niliamka saa kumi na moja, nikakaa kwenye jiwe na blanketi la kuazima, na muda mfupi baada ya jua kuchomoza ukajitokeza juu ya mawingu, mdogo na mweupe, ukakaa kama dakika kumi. Kulikuwa na mzee pembeni yangu anapiga mswaki kwa kijiti. Nikamwambia, "Babu, unauona?" Akaitikia kwa kichwa, kisha akaendelea kutazama chini, kwenye nyika. Nikamwuliza anatazama nini. "Mvua," alisema, na akanyoosha kijiti chake kwenye kivuli kimoja kidogo cha buluu kilichokuwa kinatembea juu ya tambarare. "Ile haifiki. Ile nyingine labda kesho." Mlima mrefu kuliko yote Afrika ulikuwa nyuma ya bega lake, naye alikuwa anasoma habari za shamba lake. Nikauacha Kilimanjaro, nikamwomba anionyeshe na mimi.

Nieleze na mambo ya mwili, kwa sababu ndiyo yanayowafanya watu wakate tamaa. Kupanda kunachosha, ila kuteremka ndiko kunakoumiza. Mwaka 2018 niliteremka kutoka Irente kwenda Mazinde, karibu mita elfu moja za kushuka kwa njia moja kali, na magoti yalinisumbua wiki mbili. Hatua fupi, magoti yamelegea kidogo, fimbo mkononi, na usiwe na haraka ya kufika chini. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu unakuwa sabuni, na nimeona viatu vya bei kubwa vikiteleza pale ambapo buti za mpira za wakulima zimesimama imara. Suruali ya jinsi ikilowa haikauki siku nzima na inakukamua joto. Masika, yaani Machi hadi Mei, mimi siendi. Njia zinakatika na barabara ya Soni huangukiwa na udongo. Juni na Julai kuna baridi na ukungu lakini njia ni nzuri. Januari na Februari ndiyo raha yenyewe, plamsi na mapeasi barabarani, asubuhi safi. Na ondoka mapema. Yule kijana wa Magamba alikuwa na sababu ya saa kumi na mbili na nusu: asubuhi mawingu bado yamelala bondeni.

Mwaka 2019 niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu, kumi na wanane, wengi wao hawajawahi kutoka nje ya mkoa. Tulianzia Irente, mwendo wa kama saa moja na nusu kutoka mjini. Njia inapita kwenye shamba la Kanisa la Kilutheri, ambako tulinunua jibini na mkate mweusi, na kisha mwamba unaishia ghafla. Nilikuwa nimewawekea sharti moja: ukifika, unakaa chini kwanza. Hakuna simu, hakuna picha, hadi kila mtu awe amekaa na pumzi zimetulia. Walilalamika. Walipokaa wakanyamaza wenyewe. Mazinde iko chini ya miguu yako, mashamba ya mkonge yamenyooka kama mistari ya daftari, na malori kwenye barabara kuu unayaona lakini huyasikii. Binti mmoja akaniuliza, "Mwalimu, ile barabara ndiyo tuliyopita jana?" Ndiyo. "Mbona jana sikuuona mlima?" Kabla ya kuiacha pale Mombo tulikuwa tumepita chini ya milima hii hii, nusu ya basi wakiwa wamelala na nusu wakiangalia simu.

Mchana tukapumzika penye kijito. Mvulana mmoja akavua viatu vyake vyenye tope akaviosha. Haukupita muda, akapanda mwanamume mmoja kutoka bondeni, amevaa buti, anafuata mpira mweusi wa maji uliolala kwenye majani. Alikuwa anaufuata kwa mkono, anauinua na kuuachia, anatafuta palipoharibika, kwa sababu bombani kwake maji yametoka mekundu. Mpira uliishia mita mbili chini ya viatu vya yule mvulana, umefungwa kipande cha chandarua mdomoni. Tulimwomba radhi. Akasema, "Hamkujua." Kisha akawaita wanafunzi wote, akakitoa kile chandarua, akakiosha mbele yao, akawahesabia nyumba zinazokunywa pale: moja moja, kwa majina ya wenyewe, hadi kumi na nne. Yule mvulana aliomba akifunge mwenyewe. Akapiga fundo, mwenyeji akalifungua, akamwonyesha fundo lisiloachia, akalifunga tena. Sasa popote ninapokwenda, Usambara au Uluguru, ninaosha miguu kijijini nilikofika, kwa maji niliyopewa kwenye ndoo.

Januari 2024 nilikwenda tena Soni, mimi na mdogo wangu, safari hii hakukuwa na harusi. Tulifika mapema, tukaacha mabegi nyumba ya wageni, tukasimama pale pale kando ya barabara. Njia bado ilikuwepo. Tukashuka. Migomba ilikuwa mirefu kuliko nilivyoikumbuka, na magogo mawili ya kijitoni yalikuwa yameongezwa la tatu. Tuliwapisha wasichana wawili wenye kuni. Tukapanda upande wa pili polepole, tukazunguka kilima, na kwa mwendo wa dakika arobaini hivi njia ikaingia uani kwa mtu.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda, mbele yake turubai limetandazwa maharage makavu yenye maganda, na anayapiga kwa fimbo. Punje zilikuwa zinaruka hadi miguuni kwetu.

"Hodi, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Karibuni. Mnakwenda wapi?"

"Tulikuwa tunakuja huku."

Akatutazama wote wawili, kisha viatu vyetu. Akageuza kichwa kuelekea mlangoni akaagiza viletwe vigoda viwili, akamsogezea mdogo wangu fimbo nyingine.